Sura ya Sita: Minervale Inayotoka Shambani

Anayetaka kujua nani anaendesha vyuo vikuu vya Butembo na Beni asianzie kwenye bajeti ya Serikali kule Kinshasa. Aanzie Mangina, Oicha, Mutwanga au kwenye vilima vya Lubero, uani kwa watu, pale kakao inapoanikwa juu ya turubai na mama anaigeuza kwa mkono mara kwa mara ili isishike ukungu. Kakao ile imekwisha kugawanywa kabla haijakauka. Fungu moja ni la chumvi, sabuni na dawa, fungu jingine la vibarua waliopalilia. Linalobaki, ambalo mara nyingi ndilo kubwa kuliko yote, ni minervale, yaani karo ya kijana aliyeko chuoni.

Kwingine ni kahawa, maharage, mbao, viazi au mbuzi. Katika eneo hili lote la kaskazini mwa Kivu ya Kaskazini, elimu ya juu inaegemea mavuno na biashara ndogo ndogo za wazazi kuliko kitu kingine chochote. Hesabu hiyo haiandikwi mahali popote. Ripoti za Serikali zinaonyesha kilichotolewa na hazina, na za wafadhili zinaonyesha miradi yao. Mchango wa mama wa Mangina, ambao ndio unaofungua milango ya madarasa kila Oktoba, hauna safu yake katika jedwali lolote. Sura hii inajaribu kuufuata mchango huo tangu unapotoka shambani mpaka unapoishia, na kuuliza kwa nini mzigo wote umewekwa kichwani kwake.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Chuo kikuu cha kwanza cha Kongo, Lovanium, kilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954, kikafuatiwa na kile cha Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956, na kile cha Waprotestanti huko Kisangani mwaka 1963. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliviunganisha vyote vitatu kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, akagawa vitivo kati ya miji. Elimu na saikolojia zilikwenda Kisangani, lugha na sayansi za jamii Lubumbashi, udaktari Kinshasa. Kijana wa Beni aliyefaulu mtihani wa Serikali alijua kwamba safari inamngoja, na ilikuwa safari ya siku nyingi. Lakini akifika alikuta kitanda, alikula, tena mwisho wa mwezi alipokea bursa, yaani posho ya Serikali. Mzazi wake alitoa sanduku, nguo na baraka.

Mpango ule ulibomoka taratibu. Bei ya shaba ilianguka, madeni ya nje yakapanda, wakopeshaji wakadai Serikali ipunguze matumizi, na vyuo vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kukatwa. UNAZA ilivunjwa mwaka 1981, vyuo vikarudi kuwa vitatu, lakini bursa iliendelea kupungua thamani mpaka ikawa haitoshi hata chakula. Mwaka 1989 Serikali ikakubali kwamba haina tena uwezo wa kushika elimu ya juu peke yake, ikaruhusu wengine waanzishe vyuo. Mwaka huohuo, Jimbo Katoliki la Butembo-Beni lilifungua Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, UCG, mjini Butembo.

Aliyekiasisi ni Askofu Emmanuel Kataliko. Alikuwa ameliongoza jimbo hilo tangu mwaka 1966, na katika miaka ile aliwazoesha waamini wake jambo moja: barabara ikiharibika, msingojee mtu kutoka mji mkuu. Watu walitoka na majembe, wakaziba mashimo wenyewe. Shule na zahanati zilijengwa kwa njia hiyohiyo. Wafanyabiashara wa Butembo nao walijifunza mapema kwamba wasipojijengea hakuna atakayewajengea. Kwa hiyo fikra ya kuwa na chuo kikuu katika mji usiokuwa na lami haikuonekana ya ajabu kwa watu wa pale kama ilivyoonekana kwa watu wa nje. Kanisa lilikuwa na ardhi, lilikuwa na majengo, lilikuwa na mapadri waliosoma. Zaidi ya hayo lilikuwa na kitu kilichokwisha kuwa adimu nchini Zaire wakati ule, nacho ni imani ya watu kwamba wakitoa makuta yao hayatapotea.

Ninakaa kidogo hapa kwa sababu jambo hili huachwa nje ya hesabu za uchumi. Mzazi anayelipa karo mwezi wa Oktoba ananunua kitu ambacho atakiona baada ya miaka mitano, sita au saba. Hakuna mkataba unaoweza kumlinda kwa muda wote huo katika nchi ambayo mahakama ni ghali na fedha yake haitulii. Anachonunua ni jina. Kataliko aliupa mji huo jina la kuaminika, na alilipia kwa mwili wake. Alipokuwa Askofu Mkuu wa Bukavu aliandika barua ya Krismasi ya mwaka 1999 akikemea vita na uporaji, na waasi wa RCD waliotawala Bukavu wakamzuia kurudi huko, wakamlazimisha kubaki Butembo kwa miezi kadhaa ya mwaka 2000. Alirudi Bukavu Septemba, akafariki karibu na Roma Oktoba ya mwaka huohuo. Chuo alichokianzisha kilivuka vita vile vyote bila kufungwa moja kwa moja, na vingine vikafuata.

Leo vipo vingi. Waassumptionisti, watawa waliofika eneo hili mwaka 1929, wana Chuo Kikuu cha Assomption mjini Butembo. Waadventista wana chao Lukanga, kusini mwa mji. Serikali ina Chuo Kikuu cha Ruwenzori Butembo na cha Semuliki Beni, pamoja na taasisi za ualimu, biashara na ufundi wa afya. Beni kuna pia UCBC, Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, kilichoanza mwaka 2007 kwa juhudi za David Kasali, mwanatheolojia aliyekuwa ameongoza chuo Nairobi kisha akarudi nyumbani. UCBC inastahili kutajwa kwa namna inavyojilipia: marafiki wake wa ng'ambo, hasa Marekani, hubeba sehemu ya gharama, na wanafunzi hufanya kazi za mikono kama sehemu ya malezi yao. Ni njia nzuri, ila haiwezi kuwa ya wote, kwa kuwa idadi ya marafiki wa ng'ambo ina mwisho.

Basi fedha ya mzazi inapofika chuoni inakwenda wapi? Watu wengi hudhani inakwenda kwenye majengo. Majengo yana sehemu yake, lakini kinachokula zaidi ni mwalimu, na kwa namna ambayo mgeni hawezi kuibuni.

Vyuo vingi vya eneo hili havina madaktari wa falsafa wa kutosha. Profesa huitwa kutoka Kisangani, Kinshasa, Lubumbashi, au hata nje ya nchi. Chuo humlipia ndege, kwa kuwa barabara ama haipo ama haipitiki kwa usalama. Humlipia chumba na chakula. Kisha humlipa kwa saa. Akishafika hawezi kukaa muhula mzima, kwa hiyo kozi ya saa 45 hufundishwa kwa wiki moja au mbili, asubuhi mpaka jioni. Wanafunzi huandika mpaka vidole vinauma, mtihani hufanywa, profesa hupanda ndege. Silabasi yake inabaki kwenye duka la fotokopi karibu na lango, nayo inauzwa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme ndege, malazi na malipo ya profesa mmoja kwa kozi moja ni dola 1500. Darasa likiwa na wanafunzi 300, kila mmoja amebeba dola 5. Likiwa na wanafunzi 20, kila mmoja amebeba dola 75, na hiyo ni kozi moja tu katika mwaka wenye kozi zaidi ya kumi. Ndiyo maana kila chuo kinachofunguliwa hukimbilia sheria, uchumi na uongozi, masomo yanayojaza ukumbi na kuhitaji ubao na spika. Fizikia, hisabati na uhandisi, ambazo zinahitaji maabara na zinavuta watu wachache, zinabaki nyuma. Wanaowalaumu vijana kwa kupenda sheria mno wangetazama kwanza hesabu hii. Chuo kinachoishi kwa minervale peke yake hakina nafasi ya kuchagua somo linalohitajika na nchi. Kinachagua somo linaloweza kujilipia.

Katika vyuo vya Serikali mambo yangetarajiwa kuwa tofauti, kwa sababu pale mshahara ni kazi ya Kinshasa. Lakini wako walimu walioandikwa kwenye orodha ya malipo na wako wale ambao majina yao yanangoja, mwaka hadi mwaka. Hao wa pili huitwa "nouvelles unités", vitengo vipya, hata kama mtu amefundisha mpaka mvi zimetoka. Wanalipwa kwa prime, yaani posho, na prime inatoka kwenye karo ya wanafunzi. Hata waliomo kwenye orodha huongezewa prime kwa kuwa mshahara hautoshi. Kwa hiyo tofauti ya chuo cha Serikali na cha binafsi, mzazi anapofika kaunta, ni ndogo kuliko inavyosemwa kwenye redio.

Prime yenyewe ina historia chungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikoma kuwalipa walimu wa shule, mfumuko wa bei ukafika maelfu ya asilimia, na madarasa yakafungwa. Kanisa Katoliki na vyama vya wazazi walikubaliana kwamba wazazi wamlipe mwalimu, kwa muda, mpaka mambo yatengemae. Muda ule ulidumu. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 43, ilitamka kwamba shule ya msingi ya umma ni bure. Ahadi hiyo ilianza kutekelezwa kitaifa mwezi Septemba 2019. Sekondari haikuguswa, wala chuo.

Sasa mfuate mzazi yuleyule. Anauza kakao miaka mitano kumsomesha binti yake ualimu. Binti anahitimu, anapata kazi katika sekondari ya kijijini, jina lake halimo kwenye orodha ya malipo. Mshahara wake unatoka wapi? Unatoka kwenye prime inayolipwa na wazazi wa kijiji, akiwemo baba yake ambaye bado ana wadogo shuleni. Mtu huyu amegharimia mafunzo ya mwalimu, na sasa anagharimia mshahara wa mwalimu. Nimetafuta kila namna ya kulieleza jambo hili kwa upole, na sioni. Ni kumtoza raia mmoja kodi mbili kwa huduma ambayo Serikali imejiandikia kuwa ni yake.

Turudi kaunta, maana huko ndiko uchumi huu unaonekana kwa macho. Karo hupangwa kwa dola, kwa sababu mfumuko wa miaka ile ulifundisha kila mtu kutoiamini fedha ya nchi kwa malipo ya mwaka mzima. Hulipwa kwa tranchi, mafungu mawili au matatu. Kijana anafika benki au kwenye kopeki, yaani ushirika wa akiba na mikopo, na noti zilizofungwa ndani ya karatasi ya daftari. Keshia anaziinua moja moja kwenye mwanga. Noti ya dola 20 yenye mpasuko mdogo pembeni, mdogo kama ukucha, inarudishwa, na hakuna mjadala. Ile noti imetoka kwa mnunuzi wa kakao, ikapita kwa mama, kwa shangazi, kwa dereva wa pikipiki, na sasa haina thamani mbele ya kaunta. Kijana anatoka nje kumtafuta mbadilishaji wa barabarani ambaye ataipokea kwa bei ya chini. Anarudi mwisho wa foleni. Akimaliza anapewa bordero, yaani stakabadhi ya malipo, anaipiga picha, picha inatumwa kwa WhatsApp mpaka kijijini, mahali ambapo mtandao unapatikana ukipanda kilima. Bordero ya karatasi anaihifadhi kuliko shati lake, kwa sababu bila hiyo hatapata kadi ya anrolma, yaani ya kuandikishwa mtihani, na bila kadi hiyo haingii kwenye chumba cha mtihani.

Mlango wa mtihani ndipo deni linapodaiwa. Chuo hakina namna nyingine ya kumlazimisha mtu kulipa. Hakiwezi kushika shamba la mtu. Kwa hiyo siku chache kabla ya mitihani orodha zinabandikwa, na vijana ambao wamehudhuria muhula mzima wanaanza kuhangaika mjini. Huyu anauza simu, yule anakopa kwa mwenye duka kwa riba ya kuumiza, mwingine anaendesha pikipiki ya abiria usiku na mchana. Msichana asiye na simu ya kuuza wala pikipiki ya kuazima yuko katika hatari ambayo kila mtu anaijua na wachache wanaitaja. Wale wanaokosa kabisa wanarudia mwaka, yaani wanalipa tena kwa masomo waliyokwisha kuyasikia.

Sehemu kubwa ya mateso haya inatokana na kalenda. Mavuno makubwa ya kakao yanaangukia miezi ya mwisho wa mwaka, kwa hiyo tranchi ya kwanza, mwaka wa masomo unapofunguliwa, inalipika. Kati ya Februari na Aprili ghala ni tupu, na ndipo mitihani ya muhula wa kwanza inapokuja. Mwenye maharage ana miezi yake, mwenye kahawa ya Lubero ana yake. Chuo kinapanga tarehe kama vile wazazi wote wanapokea mshahara tarehe 30, wakati karibu hakuna anayepokea mshahara. Mzazi asiyekuwa na kitu mwezi wa tatu huuza mbuzi kwa bei ya hasara, au huuza kakao ingali mtini kwa mnunuzi anayetoa nusu ya thamani yake. Hasara hiyo haionekani kwenye risiti ya chuo, lakini ni karo halisi.

Kuna wanaouza kipande cha shamba. Lubero ni nchi ya vilima iliyojaa watu, ardhi imegawanywa na kugawanywa tena, na kipande kikishauzwa hakirudi. Mimi naliona hili kuwa jambo zito kuliko yote katika sura hii. Familia inayouza mavuno imetumia mapato ya mwaka. Inayouza ardhi imetumia mapato ya wajukuu, ikiweka dau kwa kijana mmoja, katika mji ambao ajira za maandishi ni chache.

Juu ya yote haya kuna vita. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yanayofanywa na waasi wa ADF yamewafukuza watu wa Beni kwenye mashamba yao. Mashambulizi mengi hutokea shambani kwenyewe, watu wakiwa wanavuna. Mkulima aliyekimbilia Butembo au Beni mjini anajua kwamba kakao yake inaiva, anajua pia kwamba kuna mtu mwingine anaivuna. Mwezi Desemba 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilipita dola 12,000 kwa tani, mara kadhaa ya ilivyokuwa miaka miwili nyuma yake, kabla ya kushuka kwa kasi mwaka 2025. Kwa walioweza kuvuna, msimu ule ulilipa madeni ya karo ya miaka. Kwa waliofukuzwa, bei ile ilikuwa sababu moja zaidi ya wenye bunduki kutaka shamba libaki tupu.

Vita hula muda pia, na muda ni fedha ya mwanafunzi. Mwezi Aprili 2021 wanafunzi wa shule za Beni waliacha madarasa, wakapiga kambi kwenye ofisi ya meya kwa siku kadhaa wakidai ulinzi. Tarehe 6 Mei hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, ikaanza Kivu ya Kaskazini na Ituri. Kabla ya hapo ilikuwapo Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, iliyoua zaidi ya watu 2200. Tarehe 19 Aprili 2019 Dokta Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa kutoka Kameruni aliyefanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya chuo, Cliniques Universitaires du Graben. Hospitali ambayo vijana hujifunzia udaktari kwa karo ya wazazi wao ikawa uwanja wa mapigano. Na kwa wakati uleule, mapambano dhidi ya Ebola ndiyo yaliyoleta ajira nyingi za muda ambazo wahitimu hawakuwa wameziona kamwe, pamoja na malalamiko makali kwamba nafasi nono zilichukuliwa na wageni. Mji uliokuwa umesomesha madaktari na wachumi kwa miaka 30 uliwatazama wengine wakija kuwafanyia kazi.

Kisha Juni 2024 Kanyabayonga ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23, njia ya Butembo na Goma ikakatika. Januari 2025 Goma yenyewe ikatekwa, na makao ya mkoa yakahamia Beni. Beni ikapokea ofisi bila kupokea bajeti inayolingana nazo.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi huenda anauliza kwa nini Kongo isianzishe bodi ya mikopo. Kenya ina HELB tangu mwaka 1995. Tanzania ilitunga sheria ya HESLB mwaka 2004, bodi ikaanza kazi mwaka 2005. Uganda ilifuata mwaka 2014. Swali ni halali, na mtu asilitupe kwa kusema nchi yetu imeoza. Lakini tazama mashine ya mkopo inavyofanya kazi. Tanzania, mwajiri analazimika kumkata mhitimu asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kuipeleka bodi. Mashine nzima inaning'inia kwenye neno mwajiri. Pale mhitimu anapojiajiri hata Tanzania bodi hupata shida kumfikia. Butembo karibu kila mhitimu anajiajiri: anauza vipuri, anavusha bidhaa Kasindi mpakani, anafundisha kwa prime, analima. Nani atamkata? Bodi ya namna hiyo ikihamishwa ilivyo mpaka Kivu, mikopo itatoka mara moja, haitarudi, na wa kwanza kuipata watakuwa watoto wa Kinshasa wenye kujua mlango wa kubisha.

Mkopo upo tayari, lakini ni wa ukoo. Mtoto wa kwanza anasomeshwa kwa nguvu za wote. Wadogo wanangoja, wengine wanaacha shule kumpisha. Akihitimu, hata akipata kazi ndogo, anaanza kulipa, na anayelipwa ni mdogo wake anayemfuata. Yaya, yaani ndugu mkubwa, asiyelipa hapelekwi mahakamani. Ataketi msibani na harusini akitazamwa. Kwa kiasi cha marejesho, sidhani kuna bodi yoyote ya Afrika Mashariki inayoufikia mfumo huu. Kasoro yake ni kwamba unachagua nani atangulie, na wanaoambiwa wangoje mara nyingi ni wasichana. Ukoo uliopoteza baba na shamba katika usiku mmoja hauna wa kutangulia wala wa kungoja.

Pembeni ya ukoo kuna likirimba, yaani upatu, na vikundi vya akiba na mikopo vya AVEC, ambamo wanawake ishirini au thelathini huweka akiba kila wiki, hukopeshana, na hugawana mwisho wa mzunguko. Vikundi vingi hupanga mgao uangukie wakati shule zinafunguliwa. Hawa wamefanya wenyewe kazi ambayo vyuo vimeshindwa: wamelinganisha kalenda ya fedha na kalenda ya masomo.

Ningependa kuwaona wafanyabiashara wa Butembo wakiingia katika jambo hili kwa namna ya kudumu. Ni watu wanaoagiza makontena kutoka Dubai na Guangzhou kwa neno la mdomo, na maghorofa ya mji ni yao. Michango yao kwa shule na makanisa si haba, ila hutolewa kwa tukio: bati leo, saruji kesho. Pwani ya Waswahili ina desturi ya wakfu, mali inayotengwa ili kodi yake ihudumie jambo jema miaka yote. Chuo cha Kiislamu cha ufundi cha Mombasa, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilianza baada ya Vita Kuu ya Pili kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora. Magharibi mwa Kenya, chuo kilichokuja kuwa Masinde Muliro kilianza mwaka 1972 kwa harambee. Ghorofa moja katikati ya Butembo, likitengwa kwa hati na kodi yake ikaenda kwa wanafunzi waliofukuzwa mashambani, lingefanya kazi kuliko mifuko elfu ya saruji. Dini si kikwazo. Kinachohitajika ni hati safi na wasimamizi watakaotangaza hesabu kila mwaka, hadharani.

Lakini wakfu, likirimba na ukoo visigeuzwe kisingizio. Kazi ya kwanza ni ya Kinshasa, nayo ni kuwaingiza walimu wa vyuo vya Serikali kwenye orodha ya malipo. Kila jina linaloingia linaondoa prime yake kwenye karo, na karo ikishuka katika vyuo vya Serikali, vya binafsi vitalazimika kufikiri upya bei zao. Kazi ya pili ni ya vyuo vyenyewe, na haina gharama: kumwuliza kila mwanafunzi anapojiandikisha mzazi wake anavuna nini na lini, kisha kumpa tarehe za tranchi zinazofuata mavuno hayo, na kumruhusu afanye mtihani wa Machi kwa kakao itakayovunwa Novemba. Kopeki za mji zinaweza kubeba pengo la miezi ile, kwa kuwa zinawajua wakulima kwa majina na zimezoea kuwakopesha kwa msimu. Kwa waliopoteza mashamba, ambao hawana mavuno ya kungojwa, chuo kimoja kimoja hakitaweza. Hapo ndipo makao mapya ya mkoa, yaliyoko Beni yenyewe, hatua chache kutoka kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, yangeweza kuanzisha mfuko wa karo kutokana na ushuru wa kakao na mbao unaolipwa Kasindi. Kakao inayovuka mpaka ule imelimwa na wazazi haohao, na malori yake yanahesabiwa kila siku.